Jina Lililoizidi Ruta

Siku hizi kila mtu ana mtandao mfukoni na hakuna anayemsalimia mwenzake. Zamani, pale Kilosa, ukitaka mtandao ilibidi uoge, uvae viatu, uje dukani kwa baba, useme shikamoo, ujibiwe marahaba, ndipo uoneshwe kiti. Mnisamehe, nilizipenda zile siku. Anayeniambia maisha yalikuwa magumu namjibu ndiyo, yalikuwa magumu, ila nilikuwa kijana na baba yangu alikuwa hai.

Duka lilitazamana na stesheni. Baba alikuwa mtu wa reli tangu ujana wake, hadi soko huria lilipoingia na kazi za serikali zikaanza kupukutika, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Wenzake wengi walirudi kulima Masanze na Lumuma. Yeye alikataa kata kata, akasema hawezi kuishi mahali ambapo hasikii treni. Akachukua kiinua mgongo chake, akanunua kompyuta zilizokwisha kutumika huko Ulaya, akafunga dishi juu ya paa, na mimi binti yake nikaitwa nyumbani kutoka Dar es Salaam na cheti changu cha kompyuta ili niwe mtaalamu wake. Mji mzima ulimcheka. Walisema mzee wa reli amenunua televisheni zisizo na mpira.

Lakini walikuja. Walikuja walimu, walikuja makarani, walikuja vijana waliotaka marafiki wa Uswisi. Ndani palikuwa na joto la mashine na harufu ya sabuni ambayo mama alidekia asubuhi, feni linalia, na mtu akipata barua pepe anasoma kwa sauti bila aibu, sote tunasikiliza. Tulijua nani kaposa nani na nani kanyimwa viza. Ruta yenyewe, kile kiboksi cheusi kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote, ilikaa juu ya kabati la vyombo, na mama aliifunika kitambaa cha kudarizi kama anavyofunika redio. Kila siku nilikitoa kitambaa nikimweleza kwamba kitu hicho kinahitaji hewa. Kila siku nikirudi nakikuta kimerudishwa, tena kimepigwa pasi.

Baba alikuwa na sheria moja. Kabla hujaingia kwenye mtandao, ukurasa wa ruta ulikuomba jina na neno la siri. Neno la siri lilikuwa moja kwa wote, limebandikwa ukutani. Jina ndilo alilolitaka baba, na alilitaka lote: lako, la baba yako, la babu yako, ukoo wako, na kijiji unakotoka. Nilimwambia mashine haina haja na yote hayo. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mgeni wake.

"Huwezi kuingia nyumba ya mtu bila kusema wewe ni mtoto wa nani," alisema, akamaliza.

Ndivyo tulivyolelewa, na wala simlaumu. Kwetu mtu akibisha hodi anajieleza hadi babu, na mwenye nyumba anatafuta pa kuunganisha udugu kabla hajamkaribisha uji. Tatizo ni kwamba baba alikaa kaunta, na macho yake hayakufika kwenye vioo vya kompyuta. Vijana wakamchezea shere. Waliitikia "ndiyo mzee" kwa adabu zote, kisha wakaandika jina moja tu, au jina la utani la mtaani, wakaingia. Wazee hawakushika kompyuta kabisa, niliwaandikia mimi, na mimi ni mvivu, niliandika jina langu. Baba mwenyewe alitumia kompyuta ya kaunta ambayo haikuulizwa kitu. Kwa hiyo sheria ile ilikuwepo, kila mtu aliiheshimu kwa mdomo, na hakuna aliyeifuata.

Isipokuwa mtu mmoja.

Alikuwa mke kijana kutoka Chanzuru, binti wa watu wa kanda ya ziwa waliohamia na ng'ombe wao, na ameolewa kwenye familia ya wafugaji wenzao. Alikuja kila siku ya gulio. Mama mkwe wake alikuja naye, akaketi nje kwenye benchi letu na vibuyu vyake vya maziwa, kwa sababu hakumwachia mkwe atembee mjini peke yake. Yule dada alikuwa na mdogo wake wa kiume anayesoma India kwa msaada wa misheni, na katika ukoo wao mzima ni yeye tu aliyeweza kusoma barua pepe. Aliingia kwa kupiga goti kidogo, akamwamkia baba, akaniamkia na mimi ambaye nilikaribia kuwa rika lake, ikabidi nimkatalie. Kisha akaketi na kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, jina lake la ubatizo, jina lake la nyumbani, la baba yake, la babu yake, la ukoo, na Chanzuru mwishoni. Majina ya kwao ni marefu, na hakuruka hata herufi.

Akibonyeza pa kuingilia, ruta inazima.

Taa zote zinakufa, kompyuta zote zinapoteza mtandao, na kila aliyekuwa anaandika, barua yake imepotea. Baada ya muda taa zinarudi moja moja. Watu wanaguna. Yeye anaomba radhi kama vile amemwaga chai, na mimi kwa haraka namwandikia jina langu mwenyewe ili aingie asome barua za mdogo wake, nijue amepata alichofuata.

Mara ya kwanza tulisema umeme. Mara iliyofuata tukasema joto, na nikamgombeza mama na kitambaa chake. Baadaye vijana wakaanza utani. "Dada wa Chanzuru huyo, wahini kuseviiii!" walisema akitokea mlangoni, kila mtu akijitia kuhifadhi barua yake, na yeye mwenyewe alicheka. Halafu, sijui ni gulio gani, utani ukaacha kuwa utani. Mwalimu mmoja aliyekuwa anaomba nafasi ya masomo alipoteza maombi yake yote kwa mkupuo, akasimama na kusema waziwazi kwamba mwanamke yule ana nuksi. Tangu hapo akiingia watu wananyanyuka. Wengine walingoja stesheni hadi aondoke. Wakaja kumwambia baba, kwa sauti ya kushauri, kwamba biashara haiendi na gundu mlangoni.

Mimi nina mdomo, na siku ile niliutumia. Niliwaambia kama nuksi inazima kompyuta basi bongo zao wao zilizimwa na nani. Haikusaidia kitu. Mama mkwe alikuwa pale pale nje kwenye benchi, na dirisha lilikuwa wazi.

Ilipofika gulio lililofuata yule dada alinivuta pembeni, nyuma ya duka penye kamba za nguo. Alikuwa hacheki tena. Alinieleza kwa ufupi kwamba tangu aolewe ng'ombe wa wakwe zake wamekufa kwa ugonjwa, na mtoto wake wa kwanza hakukaa duniani. Kule nyumbani wameshaanza kusemasema, mume wake ndiye anayewazuia.

"Walikuwa wanasema wao tu," aliniambia. "Sasa mama amesikia na watu wa mjini wanasema. Watanirudisha kwetu, dada. Na mimi nampenda mume wangu."

Nilimshika mkono, nikahisi uchungu kama ni mimi mwenyewe ninayerudishwa. Nilipomwendea baba nikitegemea atawaka, aliinamisha kichwa. Alisema labda yule binti apumzike kidogo, aje baada ya wiki chache, watu wasahau. Alisema kwa upole, na huo ndio ulionikera zaidi. Sikumwandalia chai jioni ile, na kwa nyumba yetu hilo lilikuwa tangazo la vita.

Fundi aliyetuletea ruta alikuwa ameshasema kwa simu kwamba ni joto la Kilosa, hana zaidi. Nikabaki na kichwa changu. Kilichonisumbua ni kitu kimoja kidogo: kwa nini akiandika yeye inazima, na nikimwandikia jina langu haizimi? Ni mtu yule yule, kiti kile kile, pumzi ile ile. Kama ni nuksi, ingekuwa nuksi hata kwa jina langu.

Ijumaa, baba alipokwenda msikitini na duka likawa tupu, niliketi kwenye kiti cha yule dada. Niliandika jina langu, nikaingia. Nikatoka. Nikaandika majina yake yule dada yote kama yeye anavyoandika, hadi Chanzuru, nikabonyeza. Ruta ikazima.

Sitasema uongo, nywele zilinisimama. Yeye yuko Chanzuru anachota maji, jina lake peke yake limezima duka! Nilisimama mlangoni nikapunga upepo, nikasoma dua nilizojua za kujikinga. Kisha hasira zikanirudia na nikakaa tena. Mahali pa jina nikaweka kidole juu ya herufi moja, a, nikaiacha ijiandike aaaa mstari mzima, jina la mtu ambaye hajazaliwa wala hatazaliwa. Nikabonyeza. Ikazima vile vile. Nilicheka peke yangu hadi mama akaja kuchungulia kama nimepatwa na kitu.

Haikuwa jina. Ulikuwa ni urefu wa jina.

Lakini duka moja si ushahidi, na niliwajua watu wangu. Wangesema nuksi imeshaingia kwenye mashine yetu. Nikapanda lori la mbao hadi Mikumi, barabara ya vumbi tupu, nikafika mwekundu hadi kope. Pale kando ya barabara kuu palikuwa na duka la mtandao la madereva wa malori na wa magari ya watalii, lenye ruta kama yetu, ya muuzaji yule yule. Nililipia, nikaketi kwa heshima, nikaandika aaaa zangu. Likazima duka zima. Mzungu mmoja akapiga meza. Ruta ilipoamka nikarudia, likazima tena, na mwenye duka akaja kusimama nyuma ya kiti changu akiniuliza mimi ni nani na nimetumwa na nani. Nilimwambia mimi ni mtoto wa mzee wa reli wa Kilosa na ruta yake ni mbovu kama yetu, akanitoa nje. Nilikunywa soda baridi kando ya lami nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa vitu vikubwa zaidi.

Niliporudi nilitafuta kwenye mtandao, na nikakuta nilichokijua tayari kimeandikwa na watu wa mbali. Wanaita kufurika kwa bafa. Bafa ni chumba kidogo ndani ya kumbukumbu ya mashine, kimetengwa kwa ajili ya kuwekea kitu fulani, na hapa kilitengwa kwa ajili ya jina. Aliyeiandika programu ya ndani ya ruta ile, huko kiwandani, alikadiria jina la mtu lina urefu gani, akajenga chumba cha kulitosha, na hakuweka mtu mlangoni wa kupima. Jina likizidi, ruta haikatai. Inaendelea kumimina, na kinachozidi kinafukia vitu vya chumba cha pili, ambavyo ni kumbukumbu zake za wapi iendelee na kazi. Ikitaka kurejea kwenye kazi yake haioni njia, inaanguka. Sisi wa Kilosa hatuhitaji kuelezwa sana. Mto Mkondoa ukifurika hauloweshi ukingo tu, unaingia jikoni kwako na kuhamisha masufuria.

Waliandika na kibaya zaidi. Mtu mjanja anaweza kuandika jina refu lililopimwa vizuri, na kile kinachofurika kikawa ni amri zake mwenyewe. Ruta inazifuata ikidhani ni zake. Angeweza kusoma barua za wateja wetu, angeweza kuwapeleka kwenye kurasa za uongo, na sisi tukiona taa za kijani tunasema alhamdulillahi. Niliposoma hapo nilipata baridi kuliko siku ya herufi a. Programu iliyorekebishwa tulikuja kuipata baada ya miezi mingi na kuomba kwingi. Wakati ule tulikuwa na ruta mbovu na watu walioamini ni mwanamke ndiye mbovu.

Nilimweleza baba kila kitu jioni, nikiwa nimeshaanza tena kumwandalia chai. Alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atauliza habari za wezi au za fundi, au atamlaani aliyeijenga. Alizungusha kikombe chake mkononi.

"Kumbe ni yeye peke yake aliyenitii," alisema.

Nilimwambia basi tubandike tangazo, watu waandike jina moja, mambo yaishe. Akasema tangazo litaiponya ruta, halitamponya yule binti. Mtu akishapakwa nuksi haisafishwi kwa karatasi ukutani. Na magulio mawili yalikuwa yameshapita bila yeye kuonekana. Benchi letu la nje lilikaa tupu, na muuza maziwa mwingine akachukua nafasi. Asubuhi baba alivaa kanzu yake ya Idi, akapanda baiskeli, akaenda Chanzuru mwenyewe. Mzee wa watu wa hapa, mwenye heshima zake, kwenda kuketi kwenye kigoda cha wafugaji waliokuja juzi na kuomba wampe muda wa kusikilizwa! Majirani walisema mengi. Alichokizungumza huko hakutuambia, ila alirudi na vumbi hadi ndevuni na kusema siku ya gulio watakuja.

Walikuja. Yule dada alikuwa amekonda, kanga imeshuka hadi machoni. Mama mkwe safari hii hakuketi nje. Baba alimwekea kiti katikati ya duka kama cha mgeni rasmi. Duka lilijaa kwa sababu ni gulio na kwa sababu mji wetu hauna siri. Yule mwalimu naye alikuwepo, kwenye kompyuta ya mwisho karibu na ukuta. Baba aliwaomba wote waendelee na kazi zao. Kisha akaketi kwenye kompyuta ya wateja kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, akavaa miwani, na kuanza kuandika jina lake.

Aliandika analoitwa, na la baba yake, na la babu yake aliyekuwepo kabla ya reli, na la baba wa huyo, na ukoo, na bonde walikotoka. Alitamka kila moja huku akilitafuta herufi kwa herufi. Hakuna aliyecheka. Nilimsikia akitaja watu ambao mimi mjukuu wao sikuwahi kuwasikia. Alipobonyeza, ruta ikazima, na kompyuta zote zikapoteza mtandao, ya mwalimu ikiwemo.

"Mmeona," baba alisema. "Nuksi ni mimi."

Mwalimu alitazama chini. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia, na kumbe vizuri, maana mama mkwe alisema kwa sauti ndogo isiyo na ugomvi, kama mtu anayetaka kweli kujua, kwamba mkwe wake si yumo humu humu ndani, huenda bado ni yeye. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Jibu alilitoa yule dada mwenyewe. Alijifunga kanga vizuri, akamgeukia baba.

"Mimi natoka," alisema. "Nikifika mbali, rudia, baba."

Akatoka. Alivuka barabara, akavuka reli, akaendelea hadi upande wa pili penye mabehewa mabovu, ambapo sauti haifiki, na akasimama ametupa mgongo. Hakutaka kuona. Sote tulisimama mlangoni na madirishani kumtazama, hata walionyanyuka kumkimbia zamani. Baba alingoja taa zote za ruta zirudi. Akaanza upya, jina lake, la baba yake, la babu yake, bila kuharakisha. Akabonyeza. Taa zikafa.

Mama mkwe alinyanyuka bila kusaidiwa. Nilishika njia nikitaka kukimbia kumwita yule dada, baba akanizuia kwa mkono. Mama mkwe alitoka peke yake, akavuka barabara kwa mwendo wake wa taratibu, akainua gauni kidogo kuvuka reli, akafika pale alipo. Hatukusikia alichomwambia. Tulimwona tu yule dada anageuka, kisha anakaa chini pale pale kwenye kokoto. Mama mkwe alimtazama kidogo. Akatandika mtandio wake juu ya yale mawe, na yeye akakaa kando yake.